Boya la klabu si la kuachia boti wiki nzima

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuiacha boti kwenye boya la pamoja la klabu, hapo Tudor, Mombasa, ukienda Nairobi wiki nzima. Usiiache bila mtu. Boya hilo ni la wanachama wote. Muulize msimamizi linahimili boti ya uzito gani, na mzamiaji alikagua lini mnyororo unaolishikilia chini.

Funga omo (mbele ya boti), si tezi (nyuma), kwa kamba mbili. Zivishe mpira pale zinapopita ukingoni, maana ndipo husagika. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, kina Mombasa hupishana zaidi ya mita 3, kwa hiyo subiri maji yageuke uone kama boti itagonga ya jirani. Upepo wa kusi ukichachamaa, mimi hulala botini. Mnyororo uliolika mwachie mzamiaji.