Beseni la rijekti ndo lilikuwa linakula hela yangu

Mi na wenzangu tunabangua korosho hapa Newala, kikundi kidogo tu, na msimu wa kwanza mteja wa Dar alinirudishia boksi mbili kisa kakuta zilizotobolewa na wadudu. Nilipandwa na hasira nikasema haya, kuanzia leo kila korosho inakaguliwa mara mbili. Weee! Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili, hela ya vibarua inapanda tu, na msimu kuisha napiga hesabu nakuta nimeambulia visenti.

Kumbe macho ya mtu yanakosea pande mbili. Kupitisha mbovu hiyo wote tunaijua, ila kuna kutupa nzima kwenye rijekti, yaani beseni la zilizokataliwa, na hapo hakuna wa kulalamika maana mteja haioni, unaumia kimyakimya. Siku moja nikamwaga lile beseni kwenye ungo nikakaa nalo mlangoni penye mwanga, naokota moja naigeuza, nyeupe, haina hata ufa, ina kaganda ka ndani kamebaki mgongoni, nimekwangua kwa ukucha kakatoka. Ya pili hivyohivyo. Na zote hizo nilikuwa nauza bei ya vipande!

Sasa angalia hesabu. Tuseme una korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, 1,000 na mbovu ni 50. Mchambuaji mzuri kabisa anakamata 45, tano zinapita. Afu kwenye zile nzima 950 anakosea labda tano kwa kila mia, hizo ni kama 47. Yaani beseni lina 92 na zaidi ya nusu ni nzima! Kwa hiyo badala ya kurudia 1,000 zote mi narudia hizo 92 tu, na anarudia mtu mwingine, sio yuleyule, maana jicho lililokosea jana litakosea tena palepale.

Ila angalieni, kurudia rijekti nako kunarudisha mbovu nne tano kwenye mzigo. Kama ubovu ni rangi tu, imeungua kidogo, poa, faida bado ipo. Kama ni ukungu au wadudu usithubutu, ikishatupwa imetupwa, ndo maana siku hizi tuna mabeseni mawili, la rangi na la wadudu, na la wadudu haligusi mtu.

Kingine, wapime wachambuaji wako bila kuwaambia. Nachukua kilo niliyoichambua mwenyewe, nachanganyia zilizotobolewa 20, nahesabu zinarudi ngapi. Asubuhi walinirudishia 18, baada ya ugali wa mchana 11, watu walewale jamani! Nilitaka kugomba, nikakumbuka na mimi muda huo huwa nasinzia. Sasa hivi mchana tunamenya tu, kuchambua ni asubuhi.