Jibu: Chumba cha ziada Changanyikeni, niweke nini ndani?

Dada, umeuliza uweke nini kwenye hicho chumba na umpateje mpangaji bila dalali. Hapo Changanyikeni wengi watakaopiga simu ni wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo anza na meza na kiti imara, soketi iwe karibu. Kitanda cha futi nne kwa sita kinatosha. Godoro nunua jipya, hapo usibane hela kabisa. Nani anataka kulalia jasho la mwenzake? Ongeza feni, chandarua, pazia na kabati lenye kufuli. Sofa achana nayo.

Picha piga asubuhi, mapazia wazi, na choo kionekane, maana ndicho wengi wanachokificha. Kwenye tangazo taja kodi, kama unataka ya miezi mitatu au sita, na umeme wa LUKU mtagawana vipi. Mimi ningefunga mita ndogo ya chumba chake, inaepusha ugomvi mwingi. Wageni wa kulala na saa ya kufunga geti viseme humo humo. Litume kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi. Akipatikana, andikianeni mkataba, ubaki na nakala ya kitambulisho chake, na umtambulishe kwa mjumbe wa mtaa kabla hajaingiza mizigo.