Usiiache fizikia, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Tukuyu, umeuliza kama mtu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anaweza kuwa mtafiti wa namna seli za neva zinavyowasiliana, ilhali mjomba anataka usome udaktari tu. Unaweza, na huna haja ya kugombana na mjomba. Udaktari ni mlango mmojawapo. Baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai, ni mwingine. Hapo Mbeya kuna chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kituo cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nenda ukawaone watu wa maabara, uulize kazi yao ikoje.

Ila fizikia usiiache. Ndani ya seli ya neva ishara husafiri kama umeme, lakini ikifika mwisho hukuta upenyo wa takribani nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na hapo huvushwa na kemikali. Mwaka 1921 mwanasayansi wa Ulaya, Otto Loewi, alipunguza mapigo ya moyo wa chura kwa kuisisimua neva yake, akachukua maji yaliyouzunguka, akayamwagia moyo mwingine. Nao ukapunguza mwendo! Kemikali hiyo ni asetilikolini.

Hayo si mambo ya Ulaya tu. Baadhi ya dawa za wadudu wanazopulizia wakulima wetu huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, nayo hurundikana mwilini; ndiyo maana mpulizaji asiyejikinga hutokwa jasho, mate na misuli kumtetema. Swali la utafiti liko shambani kwenu.

Jiandae kwa miaka mingi: shahada, uzamili, uzamivu. Anza kuandika daftari la maswali yako leo.