Nyumba ya Babu Isiende na Katapila

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu alituachia nyumba hapa Tanga, ya mawe na chokaa, dari ya boriti, juu vigae. Upande mmoja umeporomoka, haitengenezeki tena, na ndugu tumekubaliana tujenge upya. Mwenye katapila anasema ataiangusha kwa siku moja na kifusi atakizoa bure. Tumpe kazi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimpe! Hicho anachokiita kifusi ndicho kitakachomlipa, na sehemu kubwa ya nyumba yenu mpya imo humo.

Kilichopandishwa mwisho kishuke kwanza. Anzeni na vigae. Kigeuzeni kimoja mtazame chini yake. Vingi vya mwambao wetu vina mhuri wa Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel, Uswisi, walifungua kiwanda cha vigae mwaka 1865. Kigongeni kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Vizima vipangwe wima.

Boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Chomekeni bisibisi kwenye ncha. Ikizama, kateni mpaka mfike kwenye mti mgumu. Iliyofupika bado inafaa barazani au chooni. Mlango utoke na fremu yake, kila kipande kiandikwe namba kwa chaki kabla nyundo haijagusa.

Ila mali yenyewe ni ukuta, na inaniuma kuona unavyosagwa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe likigongwa taratibu huachia likiwa zima. Kama kuna chumba kilichoongezwa kwa tofali za saruji, hapo msitegemee hivyo: tofali litapasuka kabla saruji haijaachia. Vipande vyake vijazieni chini ya sakafu. Mawe yajengeeni chokaa tena, kwani saruji hufungia unyevu ndani na jiwe la matumbawe huanza kumomonyoka. Tena utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu. Kila mfuko mtakaouacha dukani una maana.

Nondo kuukuu zilizonyooshwa zisiingie kwenye nguzo wala mkanda wa zege unaozunguka kuta. Banda la uani likiwa na asbesto, msiikate wala kuivunja, vumbi lake huleta saratani. Waiteni watu wa halmashauri, na kibali cha kubomoa kiombeni hukohuko.

Na mafundi waandikishieni mkataba kabla kigae cha kwanza hakijashuka: wao walipwe fedha, vifaa vyote vibaki vyenu.