Maswali na Majibu: Eksirei ya Kichwa Kabla ya Kufunga Nyaya za Meno

*Meno ya juu ya binti yangu wa miaka 11 yamejitokeza, na kila mtu anayaona. Picha ya kichwa kizima ni ya nini? (Mama, Jinja)*

Mama, macho huyaona meno lakini hayauoni mfupa yalimoota. Huenda meno yenyewe yameinama, huenda taya la juu limetangulia, na huenda taya la chini ndilo lililobaki nyuma; kila hali ina tiba yake. Katika picha ya ubavuni daktari hutia alama kwenye kishimo cha mfupa kinachobeba tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kwenye sehemu ambapo mfupa wa paji hukutana na wa pua, na kwenye mbonyeo wa mbele wa kila taya, kisha hupima pembe zinazoundwa na alama hizo. Picha hiyo hiyo huonyesha pingili za shingo, ambazo humsaidia kukadiria ukuaji uliosalia, na kwa umri wa binti yako hilo lina uzito mkubwa.

*Niliambiwa tofauti ya taya zangu ni digrii 5, na ya kawaida ni 2. Je, nina kasoro? (Mbarara)*

Si lazima. Vipimo vya pembe vinavyotajwa sana, yaani digrii 82 kwa taya la juu, 80 kwa la chini na tofauti ya 2, vilienezwa na Steiner wa Marekani mwaka 1953, navyo vilitokana na nyuso za Wazungu. Kwa Waafrika wengi taya na meno ya mbele hutangulia zaidi, na midomo hujaa, bila ugonjwa wowote. Inaniuma kusikia mtu ameng'olewa magego madogo manne yenye afya ili uso wake ulingane na jedwali la watu wengine. Muulize daktari analinganisha na vipimo vya nani, na wewe mwenyewe unataka nini kibadilike.

*Mionzi ya picha hiyo ni hatari? (Arua)*

Ni kidogo sana, haizidi ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa siku chache. Hata hivyo, isipigwe bila sababu, na mjamzito amjulishe mpiga picha.

*Nina miaka 34 na taya la chini limetangulia mno. Nyaya zitatosha? (Gulu)*

Mfupa wako umekwisha kukua, kwa hiyo nyaya zitasogeza meno tu. Tofauti ya taya ikiwa ndogo, meno yanaweza kuinamishwa kuificha. Ikiwa kubwa, daktari atakueleza kuhusu upasuaji wa taya, na uamuzi huo ufanyike kabla ya kufunga nyaya, kwa sababu matayarisho ya upasuaji mara nyingi huyasogeza meno kuelekea upande ulio kinyume na ule wa kuificha tofauti hiyo.