Maswali na majibu: Katuni za zamani na mstari usiotulia

Niliangalia *Fantasmagorie* ya mwaka 1908, sikuona kichwa wala miguu. Inasimulia nini? (Msomaji, Tanga)

Haina kisa, wala usihangaike kukitafuta. Émile Cohl, aliyeitengeneza Ufaransa kwa kampuni ya Gaumont, alikuwa mchora katuni wa magazetini mwenye umri uliopita miaka 50. Zamani alikuwa mmoja wa wasanii wa Paris waliojiita Incohérents, waliofurahia mambo yasiyo na mantiki. Irudie tena, na safari hii ufuate mstari, usimfuate mhusika. Mkono wa mchoraji unaingia, unachora kijitu cha vijistari, kisha unakiachia. Chupa inageuka ua, shina la ua linakuwa mkonga wa tembo, na tembo mwenyewe anageuka nyumba huku kijitu chetu kimo ndani. Kinaruka dirishani, kichwa kinakatika, na mkono ule unarudi kukiunga.

Hapo ndipo ulipo utamu wake kwangu. Hakuna moshi wala fimbo ya mchawi. Ni wino uleule uliopindishwa kidogo, na dunia nzima imebadilika. Katuni nyingi zilizofuata zina sura nzuri zaidi, lakini ndani yake tembo ni tembo mpaka mwisho.

Ile ilichorwa kwa chaki ubaoni? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ingawa ndivyo inavyoonekana. Cohl alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kisha filamu ikasafishwa ili nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe. Aliweka karatasi juu ya kioo chenye taa chini yake, akaifuata picha iliyotangulia na kubadilisha kidogo tu. Michoro ni kama 700, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili, na filamu yote haifiki dakika mbili.

Mbona katika filamu ya dinosaria Gertie hata mawe yanatetemeka? Kanda imechakaa? (Msomaji, Morogoro)

Kanda haina kosa. Winsor McCay, Mmarekani, aliitoa mwaka 1914 baada ya kuchora picha zipatazo 10,000 kwenye karatasi nyembamba. Kila karatasi ilibeba kila kitu: mnyama, ziwa, miamba, miti. Kwa hiyo mandhari yaleyale yalinakiliwa upya kila mara, na kazi hiyo aliifanya kijana msaidizi wake, John Fitzsimmons. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia mwamba mmoja mara elfu kadhaa bila kupishana hata unywele. Mwaka huohuo mchora katuni mwingine wa Marekani, Earl Hurd, aliomba hataza ya kutumia karatasi angavu za seluloidi, mandhari ikachorwa mara moja na mhusika akawekwa juu yake. Kazi ikawa nyepesi, mawe yakatulia. Mimi nayapenda yakitetemeka, maana yanapumua pamoja na mnyama.

Na kupumua kwenyewe hakukubahatishwa! McCay alijipima pumzi zake kwa saa ili ajue kifua cha Gertie kiinuke na kushuka kwa michoro mingapi. Tazama pale alipolala ubavu.

Ni kweli McCay alikuwa akizungumza naye jukwaani? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli. Alisimama kando ya pazia la sinema akiwa na mjeledi, akimwamrisha ainue mguu. Gertie akikaidi hukaripiwa, na akikaripiwa hulia. Mwishoni McCay alipita nyuma ya pazia, na papo hapo McCay wa kuchorwa akatokea kwenye picha, Gertie akamwinua na kumpandisha mgongoni. Watu walikuja kumwona mnyama wa wino akimsikiliza mtu wa kweli, na alimsikiliza kwa sababu kila jibu lilipimwa muda wake mapema.

Nina mtoto wa miaka minne. Nianze na ipi? (Msomaji, Kigoma)

Gertie. Ile ya mbu ya mwaka 1912, pia ya McCay, isubiri. Mbu mwenye kofia na mkoba anamfyonza mtu aliyelala mpaka tumbo la mbu huyo linapasuka, na mtoto wako anapaswa kulala chini ya chandarua usiku huohuo. Zote zimepitwa na muda wa hakimiliki Marekani, hivyo zinapatikana bure mtandaoni. Zima muziki uliobandikwa juu yake, kwa sababu filamu hizi zilitengenezwa bila sauti na muziki wa sasa mara nyingi huharakisha jicho.