Liemba haikuzama na abiria

Hapana dada, hadithi yako ina binti wa darasa la sita mwenye karama ya kusikia sauti za "waliokufa nayo" Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, lakini Liemba haikuzama na abiria, kwa hiyo hawezi kuzisikia. Wajerumani waliizamisha wenyewe kwa makusudi Julai 1916, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, maana walitegemea kurudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Mzee wangu alikuwa fundi pale bandarini Kigoma, habari ya ile grisi tumekua nayo nyumbani kama uji wa asubuhi.

Anayekwambia iliua mamia huenda anaichanganya na MV Bukoba ya 1996, na ile ni ya Ziwa Victoria.

Ila karama ya binti usiitupe. Wenzake wanaomwonea na kumwita mchawi waendelee kudhani anaongea na mizimu, kumbe anachosikia ni nyundo za mafundi wakifunga mitambo. Fumbo liwe kitu kilichofichwa, si maiti. Kwangu hiyo inatisha zaidi.

Ukitaka lazima waliokufa vitani, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa mpaka majini huku Ziwa Tanganyika, watafute huko. Kwenye meli hii tu ndiyo usiwapakie.